Kucha za Mkono wa Kulia

Buhembe, Bukoba
3 Machi 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Izigo, wewe na shangazi Gaudiosa, na kwamba mgongo wako umepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Kila nikikupigia simu unaikata, basi nimeona niandike, maana barua huwezi kuikata katikati. Nimempa Yoeli, atakuletea akirudi kuchukua ndizi za kuleta sokoni.

Nimerudi kutoka Mwanza. Kazi ya kurekodi imekwisha. Nasikia uliwaambia watu kwamba mwanao alikimbilia bendi ilhali kaburi la baba yake, Tata wetu, lilikuwa bado bichi. Mama, hakuna bendi. Ni jazi, lakini si ile ya dansi yenye tarumbeta na watu kumi jukwaani. Hii mtu anakaa kwenye kiti peke yake na gitaa lake. Kidole gumba kinapiga besi, vidole viwili vinashika sauti za katikati, na cha pete kinaimba. Aliye nje ya mlango hudhani ndani wako watu watatu. Ndiyo sababu nafuga kucha mkono mmoja. Si urembo. Ukucha ndio unaogusa uzi, na bila ukucha sauti inakuwa butu. Kuziotesha zifae ni kazi ya miezi, na siku ile ya kuanua matanga, shangazi alipokuja na beseni na wembe, safari ya Mwanza ilikuwa wiki inayofuata. Nywele nilinyoa. Kucha za kushoto nilitoa. Nilizikatalia za kulia tu.

Ukasema mbele ya watu wote, "Huyu hakufiwa." Nami niliona huenda ni kweli. Sijalia, Mama. Kaburini sikulia, na huku sijalia. Niko kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unauona upo lakini ukiuchoma sindano hausemi kitu.

Niambie kama nije Pasaka.

Mwanao,
Benigna

---

Izigo, Muleba
17 Machi 2024

Benigna, mwana wange,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Shangazi yako anakusalimu. Mimi nami nakusalimu, kwa kuwa nilifundisha darasa la tatu kuandika barua kwa miaka mingi na siwezi kuanza bila salamu hata nikiwa na hasira.

Pasaka usije. Unajua desturi ya ukoo huu. Mtu akiondoka, walio wake wananyolewa na kukatwa kucha, na vyote vinafukiwa pamoja kibanjani, chini ya mgomba. Kaka yako Mwijage alitoka Dodoma na suti yake akakaa chini, akatoa mikono yote miwili. Wewe ukatoa mmoja, ule mwingine ukauficha kwenye kanga. Watu wa jumuiya wakiniuliza niwajibu nini? Besi? Baba yako alipiga gitaa maisha yake yote kwa vidole vya jembe, na hakuna aliyemwambia sauti yake ni butu.

Mwezi wa kumi na mbili tunaweka msalaba kaburini. Watoto wake ndio watakaoushika ukisimikwa. Mwenye kucha za bibi harusi hataushika. Ukitaka kuja, njoo na vidole kumi vinavyofanana.

Hizo ndizi ni za kibanja cha baba yako. Usidhani nimekutumia. Zimezidi tu.

Mama yako

---

Buhembe, Bukoba
2 Juni 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Habari za mvua, na mgongo? Ndizi nilizipata, na zilizofuata, na zilizofuata hizo. Kibanja kinazidisha sana mwaka huu.

Huku sina jipya. Ijumaa na Jumamosi napiga kwenye hoteli kando ya ziwa. Wageni wanakula sato, mmoja wao akinyanyua kichwa anapiga makofi, nami nainama. Bi Hafidha mwenye nyumba wangu alikuja kunisikiliza siku moja. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mwanangu, unapiga kama mtu anayefua nguo za watu." Nikacheka. Nilijua alichomaanisha, ila hakikuniuma.

Mwenye studio Mwanza anataka nirudi Januari turekodi nyingine. Amesisitiza, kama ilivyo kawaida yake: nitunze kucha. Kwa hiyo la msalaba sijui nikujibu nini. Nikizikata Desemba, Januari sina sauti. Hata hiyo Januari, Mama, siitamani. Siitaki na siikatai.

Nilichokumbuka wiki hii ni ule mwaka Tata aliponifunga vidole. Unakumbuka? Alichana kamba ya mgomba akanifunga vidole vinne pamoja, akaniacha na gumba peke yake, nikapiga besi mpaka likizo ikaisha. Nilipolalamika alisema, "Gumba ni mwenye nyumba. Hao wengine ni wageni. Mwenye nyumba akiyumba, wageni watakaa wapi?" Wewe ukatoka jikoni ukamwambia amfungue mtoto akamenye ndizi. Nakumbuka kila kitu, na nakumbuka kama ninayesoma habari za familia nyingine.

Nimeweka nyimbo za Mwanza kwenye simu ya Yoeli. Mwombe akusikilizishe.

Mwanao,
Benigna

---

Izigo, Muleba
21 Julai 2024

Benigna,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Kahawa tumeanika, shangazi yako analinda kuku wasiipekue, na kuku wanamshinda.

Yoeli alikuja na simu yake. Tulikaa barazani, nikamwekea kamwani, zile buni zetu za kutafuna, ili asiwe na haraka. Tumesikiliza zote. Hujakosea hata mahali pamoja, hilo nakupa. Ule wa tatu ni wimbo aliokuwa akiupiga baba yako amekaa mlangoni mwa jikoni, akisubiri ndizi ziive. Wimbo niliutambua. Mtu sikumtambua. Sauti ya baba yako ilikuwa nzito kama uji uliokolea. Hii yako inalia kama vijiko kwenye sinia. Humo ndani hakuna aliyekufa, wala hakuna aliye hai. Shangazi yako alisinzia.

Nilitaka nisikie kama umefiwa. Ndiyo maana nilikubali kusikiliza. Sikusikia.

Usimsumbue tena Yoeli na hayo.

Mama yako

---

Buhembe, Bukoba
22 Septemba 2024

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Natumaini mu wazima.

Nilisoma barua yako, nikaikunja, nikaenda kazini. Ni kweli ulivyosema. Nilitamani angalau iniudhi.

Ndizi zinafika bila barua. Nashukuru kwa ndizi.

Benigna

---

Buhembe, Bukoba
10 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo vipi? Senene wameanza kuanguka huko? Huku mjini wameanguka, watu wanawakimbilia kwenye taa za barabarani na ndoo, na Bi Hafidha amenikaangia sahani nzima.

Nina jambo la kukuambia. Ijumaa nilikuwa namenya ndizi zako. Kisu kiliteleza kwa utomvu, kikaukata ukucha wa gumba hadi kwenye nyama. Gumba la kulia, Mama. Nilikaa nakitazama kile kipande ndani ya sufuria, katikati ya maganda, nikawaza tu kwamba leo kazini itakuwa taabu. Nilifunga plasta, nikaenda.

Hotelini plasta ilikuwa inateleza kwenye uzi, nikaitoa. Nikaanza ule wimbo wa Tata kwa sababu ndio mwepesi. Gumba likagusa uzi kwa nyama, bila ukucha. Mama, alikuwa yeye. Ile sauti nzito ya mlangoni mwa jikoni. Mwenye nyumba alikuwa amerudi, anatembea taratibu vile vile, na juu yake vidole vyangu vingine vinagongagonga kama vijiko ulivyosema. Niliona aibu jinsi vilivyokuwa vinampigia kelele.

Sikuumaliza wimbo. Mkono uliolaliwa ukianza kuamka unauma, na nilikuwa nimesahau kwamba kuamka ndiko kunakouma. Nililia pale pale kwenye kiti, mbele ya watu na sato wao. Mhudumu aliniletea leso za mezani. Nililia kwa Tata, na kwa siku ile ya beseni, na kwa sababu nilikuwa na baba na sasa sina. Bi Hafidha alikuja kunichukua, akanishika mkono njia nzima.

Asubuhi niliazima wembe wake nikazikata zilizobaki. Mwenye studio nimemwambia kwamba Januari nikija nitapiga kwa nyama ya vidole. Amesema sauti hiyo haiuziki, na kwamba atamtafuta mwingine. Imeniuma. Nakuandikia hilo kwa sababu nafurahi kwamba imeniuma.

Kucha nimezifunga kwenye karatasi. Kile kipande cha gumba nacho kimo, nilikiosha. Nitampa Yoeli wiki ijayo akuletee, uzifukie na za wenzangu, hata kama ni kwa kuchelewa. Halafu uniambie kama naweza kuja kuushika msalaba. Ukisema hapana nitaelewa, lakini safari hii nitaumia.

Mwanao,
Benigna

---

Izigo, Muleba
17 Novemba 2024

Benigna, mwana wange,

Marahaba, tena marahaba. Mgongo unauma, lakini leo sitauzungumzia. Senene wameanguka, nimekuwekea kwenye kopo. Shangazi yako anakusalimu, naye ameilia barua yako mpaka wino umesambaa. Sijui kwa nini nilimpa aisome.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa ulimi, mbele ya watu. Nilikuwa natafuta wa kumkasirikia, na baba yako alikuwa ameshaondoka. Nisamehe, waitu, mwanangu.

Sasa nikuambie kitu ambacho hata shangazi yako hakijui. Siku tulipofukia nywele na kucha za wenzako, niliacha shimo dogo pembeni, upana wa kikombe. Shangazi yako aliniuliza ni la nini, nikasema nitatia mbegu ya boga. Tangu hapo kuku wanalifukia nami nalifukua. Mvua zikalijaza udongo, nikalifukua. Mgongo wangu unaouulizia karibu kila barua, sehemu yake ni hiyo. Zile barua kali nilizokuandikia, nilikuwa nikitoka kuliangalia.

Jana nililichimba tena. Yoeli amekuja asubuhi na kusema unataka kumpa kikaratasi. Nimemkataza asikipokee. Zilete mwenyewe, na lile gitaa ulibebe.

Mama yako