Siku Niliyodhani Serikali Imekamatwa

Salma mjukuu wangu,

Glasgow si mwezini! Tangu Idi hujakanyaga hapa kwetu Sparkhill, macho makavu wewe. Sisi wazima, mama yako kapata zamu ya mchana. Mimi shule sikuiona, kwa hiyo jirani yangu Zuhura ananiandikia.

Unasema yale matangazo ya karne ya kumi na tisa mnayosoma huko, ya kuwauzia watu wa kawaida dhamana za serikali, huyaelewi, unaona haya kuuliza darasani, na sasa unataka kuacha somo. Wee!

Nikiwa msichana Tanga, gari la kipaza sauti lilipita sokoni: "Nunueni dhamana za serikali!" Dhamana niliyoijua mimi ni ya kumtoa mtu polisi. Nikapiga kelele, "Kwani serikali imekamatwa na nani?"

Soko zima likanicheka. Mtangazaji akazima kipaza sauti, akashuka. "Haijakamatwa, binti. Inakopa kwako, na karatasi hii ni ahadi yake ya kukulipa."

Basi wale walionicheka wakamzonga kwa maswali. Kumbe nao hawakujua!

Kesho nyoosha mkono, mama. Na ukija, niletee tangazo moja unisomee. Nitakuuliza mpaka unieleweshe.

Bibi yako