Shamba la Mama Dhadho

Mjukuu wangu Maro,

Hapa Garsen tu wazima. Mto umeshuka na babu yako amerudi kwenye mpunga. Umeniuliza kama karani mdogo aweza kumwambia mkubwa wake kwamba amekosea.

Nilikuwa karani mpya Hola, mwoga kweli. Tume ya uchunguzi ilifunika majina ya mashahidi kwa wino mweusi ili wasidhuriwe, nami nikapewa nakala za barua zao nizikague kabla hazijatolewa kwa umma. Katika barua ya mama mmoja jina halikuonekana, lakini alikuwa ameeleza shamba lake: Wema, kwenye kona ya mto, penye minazi miwili aliyowapandia pacha wake.

Nikamwonyesha mkubwa wangu, mtu wa bara asiyeijua Wema. Akacheka. "Binti, jina liko wapi hapo?"

Nikamwita dereva wetu Jillo, nikamweleza shamba lile na kumwuliza ni la nani, bila kumwambia sababu.

"Si ndilo la Mama Dhadho hilo! Hata mtoto anajua."

Mkubwa akanipa kalamu. Nikafunika mto, nikafunika na minazi.

Baadaye nilimkuta Mama Dhadho akiuza ndizi sokoni.

"Mbona waniangalia hivyo, mwanangu?"

Nikanunua ndizi zake. Yeye ndiye aliyethubutu kusema. Mimi nilishika kalamu tu.

Akupendaye,
Bibi