Mama, Nilisema Umeanguka

Mama,

Shikamoo. Jana nilikwenda polisi. Nilipaswa kwenda ukiwa hai.

Niyaandike kwa mpangilio. Kaka Hamza alitaka kung'oa chai yako apande kabichi, ukakataa. Akakupiga mgongoni kwa mpini wa jembe. Ulipoanguka akakukanyaga ubavu wa kushoto kwa buti la shamba, akarudia. Nilikukuta kati ya mistari ya chai, umeng'ata khanga ili majirani wasisikie. Khanga ilikuwa na damu.

Hospitalini daktari alikuwa mgeni wa milima yetu, Kishambaa hakijui. Kwa maumivu yale, Kiswahili chako cha sokoni kilikataa kutoka. Nikakusemea mimi, kama ilivyo desturi yetu, mgonjwa husemewa na mwanawe. Hamza alisimama mlangoni ameshika kandambili zako. Ukasema mbele yake: "Mwanangu amenikanyaga. Mwambie."

Nikamwambia daktari: "Ameanguka kwenye tuta."

Mambo ya nyumbani hayapelekwi kwa wageni. Ulinilea hivyo, na siku uliyotaka kuyatoa nikakuzuia.

Kiswahili hakikutoka, lakini ulikuwa unakisikia. Neno "ameanguka" ulilielewa. Ulinitazama, kisha ukageukia ukuta. Tulipewa dawa za maumivu tukarudi nyumbani. Kesho yake kabla ya adhuhuri ulikufa, tumbo limevimba kwa damu. Wanawake waliokuosha waliiona alama ya soli. Wakakufunika, wakanyamaza kama mimi.

Nimeandika habari miaka mingi. Maneno ya mtu sijawahi kuyageuza. Yako tu.

Wiki iliyopita nilirudi hospitali ileile kuandika habari ya kifaa kipya. Ni kioo kama cha televisheni ndogo, kimefungwa kwenye stendi ya magurudumu. Ndani yake anaonekana mama mmoja Mshambaa aliyeko Tanga mjini, amevaa ushungi, kazi yake kutafsiri.

Aliletwa mwanamke wa Malindi, ile ya huku kwetu milimani, mdomo umepasuka, mkono umevunjika. Mumewe akawahi: "Kaangukia mawe." Muuguzi akamwonyesha mlango.

"Tangu lini mke wangu akasemewa na televisheni?"

"Tangu leo, baba. Benchi lile pale."

Yule mwanamke alikubali nibaki. Akaanza kusema Kishambaa, na mkalimani akamfuata kwa Kiswahili: "Mume wangu amenipiga kwa kuni. Nilipoanguka amenikanyaga tumbo. Nakojoa damu."

Mama, mkalimani alisema "nakojoa." Hakusema "anakojoa." Daktari hakukitazama kioo, alimtazama mgonjwa. Akaminya tumbo, mwanamke akapiga ukelele, na muda si mrefu alikuwa chumba cha upasuaji. Bandama lilikuwa limepasuka. Yuko hai. Juzi nimemkuta anakunywa uji na kulalamika hauna sukari.

Nilimuuliza mkalimani kwa nini anasema "mimi" kwa kipigo ambacho hakukipata. Akanijibu: "Dada, nikianza na 'anasema', nitaanza kumchagulia ya kusema."

Sikuandika kitu. Nilifunga daftari, nikakaa uani.

Ndipo jana nikaenda polisi. Askari aliniuliza marehemu alisema nini. Nikafumba macho, nikasema: "Mwanangu amenikanyaga." Akataka kujua ni mwana yupi, nikamtajia Hamza. Nami nikajitaja, na uongo wangu wote, akauandika. Walipokwenda kumchukua alikuwa kwenye chai yako na jembe, amekwisha kung'oa mistari miwili. Alinitukana mpaka gari lilipokata kona. Shangazi hanipokelei simu. Ukoo unasema nimekuzika mara ya pili.

Nikiitwa mahakamani nitayasema tena, kwa Kishambaa chako, bila kupunguza, hata Hamza akinikazia macho. Mistari miwili ile nitaipanda upya mvua zikianza.

Lala, mama. Hukuanguka.

Mwanao