Pikelet na Nyumba ya Magurudumu

Port Augusta, 3 Februari

Kwako mwanangu Tamsin,

Hujambo mama? Mumeo Declan hajambo? Mgongo wake umepoa? Mimi ni mzima, nimekula, nimelala vizuri, wala sijapotea.

Najua umekasirika. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu tunagombana kabla salamu hazijaisha, na barua angalau itabidi uisome mpaka mwisho.

Nimeondoka. Baba yako alijenga nyumba hii ya magurudumu, gari la kuendesha na kulala humo, miaka sita, akafa hajaitoa nje ya Port Pirie. Siwezi kuitazama ikiota kutu uani. Naja kwako Albany, upande wa pili wa nchi, taratibu, kwa njia ya tambarare kame. Na siko peke yangu. Yule mzee anayetutengenezea mashine ya kukata nyasi alikuwa na watoto wa mbwa, nikachukua mmoja, kelpi, wale mbwa wa kuchunga kondoo, bado ananuka maziwa. Nimemwita Pikelet, maana ana rangi ya zile chapati ndogo za siagi, pikelet, alizozipenda baba yako Merv.

Ameshatapika mara mbili kwenye kapeti na ametafuna pazia. Daktari wa mifugo amesema asikanyage chini wanapopita mbwa wengine mpaka nimpeleke sindano ya pili ya chanjo, Ceduna. Basi namfunga kifuani kwa shuka kama mtoto. Watu vituoni wanafunua kuchungulia, wanakuta masikio!

Niandikie posta ya Ceduna, watanishikia.

Mama yako

*

Albany, 9 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mgongo wa Declan uko vilevile na mimi silali.

Mama, una miaka sitini na tisa! Februari! Hata madereva wa malori wanailalamikia njia ile kwa joto. Gari likizimika utafanya nini, utabweka pamoja na huyo mbwa? Nafanya kazi wodi ya dharura, nawaona wanavyoletwa watu waliosema "mimi najiweza."

Chumba cha nyuma nimekipaka rangi. Kina mlango wake na choo chake. Geuza urudi Port Pirie, Declan atakuja kukuchukua, na hilo gari tutaliuza kwa mtu atakayelipenda. Baba angeelewa.

Na mbwa mlete. Simchukii mbwa.

Mwanao Tamsin

*

Ceduna, 14 Februari

Mwanangu,

Barua nimeipata, na afya yangu ni ile ile, nzuri. Pikelet kachomwa sindano ya pili, akamkojolea daktari.

Ahsante kwa chumba. Lakini usiongee kama vile sijawahi kushika usukani. Niliendesha basi la shule tangu kabla hujazaliwa, na watoto hamsini wanaopigana nyuma yangu. Barabara tupu itanishinda nini?

Nina maji, nina tairi mbili za akiba. Kila saa moja nasimama, mtoto anakojoa, ananusa, anarukia kivuli chake, tunaendelea. Kesho naingia tambarare. Barua inayofuata nitaichukua Norseman.

Mama yako

*

Albany, 6 Machi

Mama,

Uko wapi? Posta ya Norseman wanasema hakuna mtu aliyekuja kuulizia barua. Simu yako haipatikani. Declan ananiambia nitulie, nami namwambia atulie yeye. Ukisoma hii, hata kama umenikasirikia, andika neno moja tu.

Tamsin

*

Norseman, 11 Machi

Mwanangu Tamsin,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo ili upumue.

Nisamehe kwa kunyamaza. Kukudanganya sikutaka, na ukweli ungekuleta na gari la kuvuta.

Ilikuwa katikati ya tambarare, joto digrii arobaini na moja. Nilizima gari nikashuka kufuta wadudu kwenye kioo cha mbele. Funguo niliziacha kitini. Mlango ukajifunga kwa upepo, Pikelet akarukia dirisha kunitazama, akakanyaga kitufe cha kufungia milango. Kla! Milango yote. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye kopo la chai, humo humo ndani.

Mwanzo nilicheka. Kisha nikaona anavyohema, ulimi umening'inia hadi kifuani. Nilimwita, "Kanyaga tena, baba, kanyaga tena!" Akatikisa mkia, akalala chini. Hakunyanyuka.

Barabara haikuwa na gari. Ningevunja kioo cha mbele au cha mlangoni, kingemwangukia. Kilichobaki ni dirisha la jikoni, lile la vioo vya rangi ambalo baba yako alilitoa kwenye kanisa lililobomolewa. Unakumbuka alivyolibeba mapajani njia nzima kama yai. Niliokota jiwe, Tamsin, na sikusita hata kidogo. Nilipiga mara moja. Nikaingiza mkono, nikafungua mlango ulio kando yake.

Nilimmwagia maji tumboni na miguuni, nikampepea kwa kifuniko cha sufuria. Dereva wa lori, Lachie, akasimama.

"Bibi, unavuja damu mkono mzima!"

"Achana na mkono, shika hiki kichwa, kiweke kivulini!"

Akashika. Jitu lenye ndevu, likaanza kumbembeleza kwa sauti ya kike. Pikelet akamlamba kidole, ndipo nikakaa chini nikalia.

Lachie alituongoza hadi kituo cha mafuta. Mpishi wao alikuwa ameacha kazi. Nikakaa, nikawakaangia madereva mayai huku nikingoja kioo kutoka Perth. Ni kioo cha kawaida, cheupe. Asubuhi jua linaingia moja kwa moja, naona tambarare yote nikiwa kitandani. Nilidhani ningelia kila nikikitazama. Sijalia.

Nitakuja Albany, mwanangu. Lakini nitaegesha mlangoni kwako na nitalala kitandani kwangu. Nijibu posta ya Esperance.

Mama yako

*

Albany, 15 Machi

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Mkono umeshonwa? Nani aliyeshona? Usiposema nitaukagua mwenyewe.

Barua yako niliisomea chumba cha chai kazini. Nilikutukana kwa sauti, wenzangu wakanitazama. Kisha nikafika kwenye jiwe. Nikawaza, mimi ningesimama pale nikitafuta mtu wa kumpigia simu.

Chumba cha nyuma Declan amekihamishia baiskeli zake. Usije Albany kwanza. Nimeomba likizo, wamenipa wiki mbili. Nisubiri Esperance, nakuja kwa basi, ninaingia Alhamisi alasiri. Twende popote unapotaka.

Unajua miaka yote ile ya shule ulikuwa ukinikalisha siti ya nyuma kabisa ya basi lako, ili wenzangu wasiseme unanipendelea. Nilikuwa nakuona kisogo tu, na mikono yako kwenye usukani.

Safari hii nakaa mbele.

Mwanao