Jina la Kughushi kwenye Upanga wa Baba

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana nimekonda kwa mawazo na mdogo wangu hasemi nami.

Marehemu baba yetu alikuwa seremala hapa Seki, mji wa wafua panga, na kila vuli majani yakipukutika na hewa ikikauka alikuwa akiutoa upanga wa ukoo, sote tunabana karatasi midomoni pumzi zisiguse chuma, anagonga kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini mpaka unachomoka, nyumba nzima inanukia mafuta ya karafuu, halafu akishaupangusa anatusomea kwa sauti jina la mfua upanga lililochongwa pale chuma kinapojificha ndani ya mpini, "Kanetsuru wa Seki," na mama anapapasa herufi moja moja kwa kidole huku akitabasamu, nami hata leo nikisikia karafuu dukani machozi yananitoka. Sasa mdogo wangu Tatsuo aliupeleka kwa wakaguzi wa panga ili upate cheti cha uhalisi, wakasema upanga ni wa zamani kweli na ni kazi safi, ila jina ni la kughushi, kwa sababu kutu ya chuma ni nyeusi na imetulia lakini ndani ya mikato ya herufi ni changa, yaani mtu alilichonga baadaye sana, na cheti hakitoki mpaka lifutwe kwa tupa, jambo ambalo wenye panga wengi hulifanya, na fundi ameshampata. Aliniambia, "Dada, baba aliingizwa mjini. Unataka wanangu nao warithi uongo?" Mama ni mzee sana, macho yamekwisha, upanga anautambua kwa kidole tu, hajui lolote, na vuli ndiyo hii. Nikubali lifutwe?

Fusae, Seki

Dada yangu Fusae, pole. Anayelia kwa kumkumbuka baba yake halaumiwi. Lakini nawe umezidi! Unahangaika na jina wakati mama mwenyewe yupo chumba cha pili, akili timamu, na hakuna aliyemuuliza. Tangu lini watoto mkawa na kauli mama yu hai?

Tatsuo hajakosea kuhusu kutu. Wakaguzi wanaijua kazi yao, jina ni la uongo, kubali yaishe. Kosa lake ni pupa. Upanga umekaa karne nzima bila cheti, utashindwa kungoja kidogo? Fundi aambiwe asubiri. Wewe nawe usije ukaisugua ile kutu eti ipendeze, utaharibu kila kitu.

Kwanza chukueni nakala: karatasi juu ya chuma, mnasugua wino mkavu taratibu mpaka herufi zijitokeze, wajukuu wabaki nayo. Kisha utoe upanga, mama apapase, umsomee. Halafu mwambie ukweli wote, usimfiche kama mtoto mdogo. Akisema lifutwe, lifutwe. Akisema libaki, Tatsuo asahau cheti na anyamaze.

Na usishangae akicheka. Mwanamke aliyeishi na seremala yule maisha yake yote, akimsikia akijisifu kila vuli, mimi naona alijua zamani, ila alipenda kumsikia akisoma.