Nyota ya Sita

Ijumaa, 27 Desemba 1985
Sista Ludovica, mkuu wa shule, kaniletea getini mimi fundi wake wa kushona bendera ya shule, ndani ya mfuko wa mkate. Mwaka mpya Aruba inajitenga na visiwa vingine vya Antili, kwa hiyo nyota sita, moja kwa kila kisiwa, zinabaki tano. Bendera mpya haijafika hapa Curaçao — basi nibandue moja, nizipange upya zilizobaki. Mlinzi wa geti alikuwa amesimama hapohapo. "Dada Mena, si wewe wa huko Aruba? Ng'oa yako, uondoke nayo."
Nilicheka nao. Iliniuma.

Jumapili, 29 Desemba
Mama kapiga simu toka San Nicolas. Miguu imevimba, mwaka huu hakuweza hata kufunga ayaka za Krismasi, zile za unga wa mahindi na nyama ndani ya majani ya mgomba. Anataka nirudi Aruba, na nibaki. Mume wangu hataki kusikia. Rignald ni wa hapa, anasema kule atatazamwa kama ninavyotazamwa mimi huku. Kweli. Lakini mama ni mama! Chakula kimepoa mezani.

Jumatatu, 30 Desemba
Nimefumua. Bendera hii niliishona mimi miaka ile, mshono wangu mwenyewe — mgumu! Nyota imetoka nzima. Chini yake, sikulifikiria hili, kuna buluu mbichi kabisa, umbo lilelile la nyota. Kwingine kote jua limekula rangi. Nimefua, nimeanika, imezidi kuonekana. Nikihamisha nyingine, nayo itaacha alama yake.
Jioni Sista kapita kuitazama, nilidhani atanigombeza. Kapitisha kidole pale penye buluu.
"Iache hivyo, Mena. Watoto wakiuliza, nitawaambia."
Kesho nikunje upindo tu, nimpelekee.

Jumanne, 31 Desemba
Nimelia, mchana kweupe. Rignald kanikuta nimefungua sanduku la safari kitandani. Hakufoka. Afadhali angefoka. Amekaa kando ya sanduku, kaichukua ile nyota, anainyoosha gotini kwa kiganja. Bendera iko kwenye cherehani, upindo nusu. Nje wameanza kuwasha pagara, fataki mtaa mzima, mbwa kaingia uvunguni. Rignald kasema kitu, sikusikia. Kelele zilipopungua akarudia, taratibu.
"Hii niiweke wapi, Mena?"
Anatazama sanduku. Bado anainyoosha nyota, na ilishanyooka zamani. Mimi naandika ili nisimtazame —