Pleti ya Baba Nekesa

Jumanne, Februari 1996. Jua, vumbi, nzi.

Kutoka Mashimoni hapa Kibera hadi steji ya Kawangware 56 hakuna mkono unaojua chuma kama huu wangu, na sijisifu, natoa habari. Pikipiki ya Mungu mwenyewe ikizima ataisukuma mpaka kwetu garage, na nitamwambia apange laini kama wengine.

Nimeanza na hiyo kwa sababu yale mengine ya leo yananitapisha.

Nimeoga mara mbili, ya pili kwa sabuni ya kufulia, na bado nikiinua mkono nasikia harufu ya matumbo. Yako kwa kucha. Yako kwa nywele. Nimekunywa chai na chai imekuwa na ladha ya matumbo.

Basi wacha nieleze. Baba Nekesa ni jirani yangu hapa kwa ploti, mlango wa tatu. Mtu wa Bungoma, mpole mpaka anakera. Kila asubuhi anapanda pikipiki yake kwenda kichinjioni Dagoretti, anajaza matumbo na vichwa vya mbuzi ndani ya sanduku la bati alilofunga nyuma kwa karia, halafu anawasambazia akina mama wanaopika Kawangware na huku Kibera. Hiyo pikipiki ndiyo inalisha ile nyumba. Ikilala siku moja, watoto wanne wanalala nayo.

Shida ni kwamba sanduku linavuja. Yale maji ya kijani (usinilazimishe kueleza zaidi) yanateremka moja kwa moja hadi kwa namba pleti iliyo chini yake. Kufika saa nne pleti imepakwa uji, juu ya uji vumbi, juu ya vumbi nzi. Wiki iliyopita karao mmoja, polisi wa barabarani, alimsimamisha karibu na 56, akamwambia pleti isiyosomeka ni kosa, na akimpata hivyo tena hatamwachilia.

Ndiyo akaja kwangu jana.

"Kijana wangu, nifanyie maarifa hapa nyuma. Karao ameniapia."

Mtu wa kawaida angeziba sanduku. Mimi si mtu wa kawaida. Nilifungua pleti, nikaipiga nyundo ikalala, nikaifunga bapa kama chapati chini ya sanduku, uso ukiangalia chini. Uchafu utapita mgongoni, namba zitabaki safi kama sahani ya harusi. Nilisimama nikaiangalia nikajipenda.

Ochieng', ambaye tunafanya kazi pamoja na ana mdomo kama spika ya disko, aliinama akachungulia.

"Maze, hii pleti inasalimia tairi."

"Wivu, Ochieng'. Wivu itakuua."

"Soma ile karatasi kwa ukuta kwanza, profesa."

Kuna karatasi ya sheria za barabara pale garage, imeraruka, imejaa grisi, na ni ya Kizungu. Mimi nilifika Form Two, Kizungu si kitu. Nilisoma mpaka pale inaposema pleti ifungwe imara. Nikasimama hapo. Yangu ilikuwa na boliti nne, imara ya kutosha. Chini yake kulikuwa na mistari mingine mirefu mirefu, na jua lilikuwa kali, na macho yangu yanahitaji heshima.

Leo asubuhi Baba Nekesa akasema twende wote, nione kazi yangu ikifanya kazi, halafu anishushe garage. Nikapanda. Kurudi kutoka kichinjioni nilikaa katikati, kifua kwa mgongo wake, mgongo wangu kwa sanduku. Kila tukiruka shimo, sanduku linanitemea shingoni. Vuguvugu. Nilikuwa naimba ili nisitapike.

Karao yule yule alikuwa pale pale.

"Mzee, leo hata pleti huna?"

"Iko, afande."

"Iko wapi?"

"Iko chini."

Karao akazunguka nyuma. Akainama, hakuona. Akachuchumaa, hakuona. Ikabidi aweke goti moja kwa vumbi na kuingiza kichwa chini ya sanduku kama mtu anayetafuta yai la kuku. Hapo ndipo tone moja nene la kijani lilimwangukia juu ya mdomo.

Juu ya mdomo, naapa. Nikaliona likitelemka.

Watu wa steji walicheka mpaka makanga mmoja wa matatu akakaa chini. Mimi pia nilicheka kidogo, kabla ya kuona macho ya karao akiinuka. Alijifuta na leso, akainusa, akaitupa.

"Hii pleti nani ataisoma? Lami?"

Akaonyesha nyuma ya sanduku kwa kidole.

"Pleti inakaa nyuma, inasimama wima. Haikunjwi. Haifunikwi. Anayekufuata aisome bila kupiga magoti, na usiku imulikwe na taa. Hata mtoto wa nasari anajua hiyo. Sasa wewe umeipiga nyundo ukaificha. Mtu anaficha namba ya nini? Hii kitu umeiba wapi?"

"Sijaiba, afande. Vitabu vya pikipiki viko nyumbani."

"Utavileta kortini. Nani amekunja hii?"

Kukawa na maneno hapo. Nitayaandika, ngoja.

Walimpeleka Baba Nekesa kituoni, na pikipiki ikasukumwa nyuma yake. Nilifuata kwa mbali kama mbwa asiye na mwenyewe. Wakaiegesha uani juani, sanduku likiwa limejaa, na hakuna aliyetaka kuligusa. Saa saba lilikuwa linatoa povu pembeni. Saa nane nzi walikuwa wengi hadi bati likaonekana jeusi. Karao mwingine alitoka akaita watu wawili walimwage kwa mtaro, nikaingia kusaidia ili niulize habari. Ndiyo nimeogea matumbo hivi. Vichwa vya mbuzi vilikuwa vinaniangalia kutoka kwa mtaro, macho wazi, kila kimoja.

Habari niliyopata ni kwamba atalala ndani, kesho asubuhi kortini, na pikipiki inabaki mpaka ijulikane si ya wizi. Ikichukua wiki, ni wiki. Wale akina mama hawatangoja wiki. Watatafuta mtu mwingine wa kuwaletea, na huyo mwingine hataachia.

Kila kitu kinanichukiza leo. Karao na leso yake. Ochieng', aliyenicheka nilipofika garage nikashika spana nikajifanya nina kazi, mimi! Wale makanga. Ile karatasi, ambayo nimeirudia jioni hii kabla ya kufunga, nikaisoma mpaka mwisho kwa kidole. Iko yote pale. Mstari wa tatu chini ya pale niliposimama. Iwe wima. Isomeke kutoka nyuma. Maneno ambayo hata si magumu.

Nimesema nitairudisha ile pleti mahali pake pikipiki ikitoka. Nimesema pia nitaziba sanduku bure. Nimejisemea mengi.

Mama Nekesa alibisha sasa hivi. Ameniletea ugali na sukuma kwa sahani iliyofunikwa, akasema asante kwa kumkimbilia mzee kituoni, watu wa siku hizi hawana roho kama hiyo. Nilipokea kwa mikono miwili. Sahani iko hapa kando ya kitabu. Sijaifunua.

Haya. Yale maneno.

Karao alipouliza nani amekunja pleti, Baba Nekesa hakunitaja. Aligeuka akaniangalia tu, taratibu, kama anayempisha mtu mlangoni apite kwanza. Karao akaona, akanigeukia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Hapana, afande. Mimi ni abiria. Huyu mzee hata simjui."

Nilisema hivyo. Baba Nekesa akaniangalia tena kidogo, halafu akamwambia karao, kwa ile sauti yake ya upole:

"Ni kweli. Huyu nimembeba tu hapo njiani."